Kupiga fluti, obo, klarineti au basuni katika okestra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kijana anayependa klarineti au fluti huyauliza maswali haya mapema au baadaye, na wazazi wake huyauliza kwa wasiwasi zaidi. Nimeyajibu bila kuyapamba. Kazi hii ni nzuri mno na nafasi zake ni chache mno, na anayetaka kuiingia ana haki ya kuyajua yote mawili kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya ala.

Ala za mbao ni zipi hasa, na mbona fluti ya fedha imo?

Katika okestra ni nne: fluti, obo, klarineti na basuni. Kila moja ina ndugu zake. Pikolo ni fluti ndogo ya sauti kali ya juu. Kor angle ni obo kubwa ya sauti nzito. Klarineti ina ndogo ya E-flati na kubwa ya besi, na basuni ina kontrabasuni. Saksafoni hualikwa mara moja moja tu.

Fluti zilikuwa za mbao kwa karne nyingi. Mwaka 1847 Theobald Boehm, mfua dhahabu na mpiga fluti wa Munich, alitoa fluti ya chuma yenye bomba la upana mmoja na matundu yaliyopangwa kwa hesabu ya sauti, na fluti za leo zinafuata mpango wake. Mahali pake katika okestra hapakubadilika.

Kwa mtu wa pwani, obo hueleweka haraka akikumbuka zumari: ridi, yaani kipande chembamba kinachotetemeka kwa pumzi, yenye ndimi mbili zinazogongana mdomoni, na bomba linalopanuka kuelekea chini. Ni jamaa wa karibu. Basuni nayo ina ndimi mbili. Klarineti ina ridi moja iliyofungwa juu ya kipande cha mdomoni. Fluti haina ridi, bali pumzi hukatwa na ukingo wa tundu.

Okestra moja ina nafasi ngapi za wapiga ala hizi?

Hili ndilo swali ambalo mengine yote yanalitegemea. Okestra kubwa huwa na vayolini thelathini hivi, na wengi wao hupiga nota zilezile kwa pamoja. Fluti ni watatu au wanne. Obo vivyo hivyo, klarineti vivyo hivyo, basuni vivyo hivyo. Kila mmoja ana karatasi yake na mstari wake ambao hakuna mwingine anayeupiga. Akikosea, ukumbi mzima unasikia. Akipiga vizuri, hakuna wa kugawana naye.

Tena viti hivyo havifunguki mara kwa mara. Chukua kiti cha kwanza cha obo, yaani cha kiongozi wa wapiga obo, katika okestra ya Philadelphia, Marekani. Marcel Tabuteau alikikalia tangu 1915 hadi 1954. Akafuata John de Lancie, mwanafunzi wake, hadi 1977. Akafuata Richard Woodhams, mwanafunzi wa de Lancie, hadi 2018. Watu watatu kwa miaka 103. Kijana wa obo aliyezaliwa mwaka 1978 na kukikodolea macho kiti hicho alifika miaka 40 kabla hakijawa wazi.

Sisemi hivyo kumvunja mtu moyo. Nasema kwa sababu anayefundishwa miaka kumi na mitano bila kuambiwa jambo hili amedhulumiwa.

Ni kweli klarineti zinatengenezwa kwa mpingo wetu?

Kweli kabisa. Klarineti na obo za wapigaji wa kazi, karibu zote, ni za mpingo, na mpingo huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito unaozama majini, usiocheza sana ukikauka vizuri, na unaokubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa bila kumeguka. Magogo hupasuliwa vipande vya mraba, ncha zake hupakwa nta ili zisipasuke, kisha vipande huachwa vikauke kwa miaka kabla ya kuingia mashineni. Sehemu ndogo tu ya gogo hufaa, kwa kuwa mpingo hukua umepinda na wenye nyufa za ndani.

Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu yao, na hilo lilivipa sauti katika bei. Mwaka 2017 biashara ya miti yote ya jamii ya mpingo iliwekewa masharti ya vibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo Novemba 2019, ila mbao ghafi bado zinahitaji kibali. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa hutengeneza pia klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni, ambazo hazipasuki kwa hali ya hewa. Kwa anayeishi kati ya joto la Dar es Salaam na baridi ya Ulaya, ni ala ya kufikiria.

Basuni si ya mpingo. Hutengenezwa kwa mti mwepesi zaidi wa nchi za baridi, wa jamii ya ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada.

Mwanangu ana miaka minane. Aanze na ala ipi?

Fluti inawezekana, hasa ile yenye kichwa kilichokunjwa ili mikono mifupi ifike. Klarineti husubiri kidogo, mpaka vidole viweze kuziba matundu na meno ya mbele ya utu uzima yawe yameota, yaani miaka tisa au kumi. Obo ni bora akifika kumi au kumi na mbili. Basuni inataka kiganja kipana, na wengi huanza kuanzia kumi na mbili, ingawa siku hizi zipo basuni ndogo za watoto.

Akiwa bado anasubiri, apige piano na aimbe kwaya. Ningesisitiza kwaya. Mtoto aliyezoea kusimama kwenye sauti ya pili bila kuvutwa na sauti ya kwanza tayari anajua nusu ya kazi ya klarineti wa pili.

Nimeanza nikiwa na miaka kumi na saba. Nimechelewa?

Kwa vayolini, ningesema ndiyo. Kwa ala za mbao, na hasa basuni na obo, bado kuna nafasi ukipata mwalimu mzuri mara moja na kama tayari unasoma nota. Ukianza ukiwa na miaka ishirini na mitano na lengo lako ni kiti katika okestra kubwa, jibu langu ni hapana. Piga kwa kuipenda, piga kanisani, piga katika okestra ya mji, lakini usiiache kazi yako.

Mazoezi ya siku yanakuwaje?

Mwanafunzi wa chuo cha muziki hupiga saa tatu hadi tano kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Midomo ni misuli. Ikichoka hufundishika vibaya. Wapiga obo hupiga muda mfupi zaidi, kwa sababu muda wao mwingine huliwa na ridi.

Asubuhi huanza na nota ndefu. Nota moja, polepole, kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa na kurudi, bila sauti kupanda wala kushuka. Kwa anayesikiliza inachosha. Kwa anayepiga, hapo ndipo sauti inapojengwa. Kisha skeli zote, kubwa na ndogo, kwa metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya kasi. Kisha mazoezi ya ufundi, kisha konserto, yaani utunzi wa ala moja ikisindikizwa na okestra, na mwisho vipande vya okestra vinavyoulizwa kwenye usaili.

Kosa ninalolisikia zaidi kwa vijana wa huku ni kupiga kipande kizima mwanzo hadi mwisho mara nyingi, kwa kasi ya kwenye video. Tafuta mahali panapokwama, toa nota nne, zipige polepole mpaka vidole vitulie, ongeza nota moja. Jirekodi kwa simu kila siku. Sikio lako likiwa kwenye kupiga halisikii sawasawa. Kesho yake likiwa limetulia litakuambia ukweli.

Kwa nini wapiga obo na basuni wanashinda na kisu mkononi?

Kwa sababu ridi nzuri haiuzwi dukani. Zipo za kununua, na mwanafunzi huanza nazo, lakini mpigaji wa kazi hutengeneza zake mwenyewe au humtegemea fundi mmoja anayemjua midomo.

Malighafi ni tete la Arundo donax, na lile linalosifiwa zaidi hutoka kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var, kwenye pwani ya Mediterania. Kwa obo, bua jembamba la kipenyo cha milimita kumi na kitu hupasuliwa mara tatu, kila kipande hukwanguliwa kwa ndani mpaka unene ubaki kama milimita 0.6 katikati. Hulowekwa majini, hukunjwa, hukatwa kwa umbo, hufungwa kwa uzi juu ya kibomba chenye kizibo, ambacho kwa kawaida kina urefu wa milimita 47. Uzi ukivuka mwisho wa kibomba hata kidogo, ridi inabanwa na haitetemi. Ukiishia kabla, inavuja.

Ndipo kisu kinaanza. Unakwangua ncha mpaka mwanga upite, unaacha uti wa katikati, unapuliza ridi peke yake usikie inavyolia, unakwangua tena. Unywele mmoja ukizidi upande wa kushoto, nota za chini hazitoki. Ridi ikikamilika huishi siku chache za kazi, labda wiki mbili, kisha unaanza nyingine. Ile iliyotulia Mombasa hubadilika ukiipandisha Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 na hewa kavu, kwa hiyo mpigaji husafiri na sanduku la ridi za aina mbalimbali na kisu kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Wamarekani hukwangua eneo refu la ridi, wapigaji wa Ulaya eneo fupi la mbele tu, na sauti hutofautiana waziwazi. Mwalimu wako atakurithisha mtindo wake, na kuubadilisha baadaye ni kazi ya mwaka.

Wapiga klarineti wana nafuu. Hununua ridi kwa boksi, nyingi za kampuni ya Vandoren ya Paris, wanachagua tatu nne zinazofaa katika kumi na kuzirekebisha kidogo. Ukiwa huna fedha ya kupoteza wala subira ya kisu, hilo lizingatie unapochagua ala.

Nisome chuo gani?

Uliza kwanza mwalimu gani. Majina yanajulikana: Conservatoire ya Paris, iliyoanzishwa 1795, Royal Academy ya London, 1822, Juilliard ya New York, Curtis ya Philadelphia, iliyofunguliwa 1924 na ambayo tangu 1928 haitozi ada ya masomo kwa yeyote aliyepokelewa. Lakini hutafundishwa na jina. Utakaa chumbani na mtu mmoja saa moja kila wiki kwa miaka minne, na huyo ndiye atakayekufanya mpigaji au asikufanye.

Ule mnyororo wa Philadelphia unaonyesha jambo hili vizuri. Tabuteau, Mfaransa aliyefunzwa Paris, alifundisha Curtis miaka thelathini huku akipiga kwenye okestra ya mji uleule. Wanafunzi wake walimsikia usiku akifanya kile alichokidai darasani asubuhi. Aliwawekea namba juu ya nota ili wajue kila nota inaelekea wapi na ina nguvu kiasi gani kulinganisha na jirani yake. Wengi wao walishika viti vya kwanza Marekani, na mtindo wa obo wa nchi nzima ukatokana na chumba kimoja. Huyo de Lancie, akiwa askari Ujerumani mwaka 1945, alimtembelea mtunzi Richard Strauss na kumwuliza kama amewahi kufikiria kuandika konserto ya obo. Mzee akajibu hapana, kwa neno moja. Miezi michache baadaye alikuwa ameiandika, na leo kila mpiga obo anaisoma.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya maombi, msikilize mwalimu akipiga, mwandikie barua ya heshima, omba somo moja la majaribio hata kwa video. Waulize wanafunzi wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi sasa. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko picha za majengo.

Ujerumani inavutia kwa gharama. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mtihani wa kuingia ni mgumu, na ukiwa mpiga klarineti fahamu hili mapema: okestra za Ujerumani na Austria hutumia klarineti ya mfumo wa Kijerumani, ambayo vidole vyake si vile vya klarineti ya Kifaransa uliyojifunzia. Tangazo la kazi huandika wazi mfumo unaotakiwa. Vienna ina hata obo yake yenyewe.

Usaili wa okestra unakwendaje?

Tangazo likitoka kwa kiti kimoja cha fluti katika okestra kubwa ya Marekani, waombaji zaidi ya mia si ajabu. Unajilipia nauli na hoteli. Orodha ya vipande inatolewa wiki kadhaa kabla, na karibu kila mara inaanza na konserto ya Mozart, ile ya 1791 kwa klarineti, ile ya 1774 kwa basuni.

Siku yenyewe unapewa namba badala ya jina. Unasubiri katika chumba cha kujipashia pamoja na watu wanaopiga vilevile unavyotaka kupiga, na wengine wanapiga vizuri kuliko wewe. Unaitwa. Jukwaani kuna pazia kubwa, nyuma yake wanakaa wapigaji wenzako wa kesho, na chini kumetandikwa zulia ili mlio wa viatu usiwaambie kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Ukiwa na swali unamnong'oneza msimamizi, yeye ndiye anayeuliza kwa sauti.

Kisha dakika saba au kumi. Mpiga fluti ataulizwa ufunguzi wa utunzi wa Debussy wa 1894, Prélude à l'après-midi d'un faune, unaoanza peke yake bila mtu wa kumshika mkono, na ambao wengi hujitahidi kuumaliza kwa pumzi moja. Mpiga obo ataulizwa maandamano ya mazishi katika simfoni ya tatu ya Beethoven. Mpiga basuni ataulizwa ule mwanzo wa utunzi wa Stravinsky wa 1913, The Rite of Spring, juu kabisa ya sauti ya ala, mahali ambapo ridi isipotaka, haitaki. Wakisema asante, umemaliza. Mara nyingine siku mbili za usaili huisha bila yeyote kuchukuliwa.

Okestra ya Boston ilianza kutumia pazia mwaka 1952, nyingine zikafuata miaka ya 1970 na 1980. Katika okestra tano kubwa za Marekani wanawake walikuwa asilimia 5 hivi mwaka 1970, na karibu asilimia 25 mwaka 1997. Watafiti wawili, Claudia Goldin na Cecilia Rouse, waliandika kwamba pazia lilichangia. Nionavyo mimi, pazia linapaswa kubaki mpaka duru ya mwisho. Okestra nyingi huliondoa mwishoni, na hapo macho hurudi kazini.

Uingereza ina njia tofauti. Ukifanya vizuri unaalikwa kwa majaribio, yaani unapiga na okestra tamasha kadhaa, mara nyingine kwa miezi mingi, huku wengine wawili watatu nao wakijaribiwa kwenye kiti hichohicho.

Nikishinda, nimemaliza?

Bado. Kuna kipindi cha kuangaliwa, mwaka mmoja Ujerumani, mwaka mmoja au miwili Marekani. Hapo wanapima yale ambayo pazia haliwezi kuonyesha: je, sauti yako inaingia ndani ya sauti za wenzako? Akorido moja, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ya obo mbili, klarineti mbili na basuni mbili ikilingana, utadhani ni ala moja. Nota yako ikiwa ya kati kwenye akorido kubwa, ishushe kidogo chini ya pale kifaa cha kupimia kinapoonyesha. Ikiwa juu ya nota ya mwenzako ambaye ridi yake imechoka leo, mfuate. Mpigaji anayesema "mimi niko sawa, kifaa kinaonyesha" hadumu.

Kura ya wenzako ina nguvu hasa. Mwaka 1982 Herbert von Karajan, mwongozaji mwenye mamlaka makubwa kuliko wote wa wakati wake, alimtaka mpiga klarineti Sabine Meyer katika Filharmonia ya Berlin. Wapigaji walimkataa kwa kura 73 dhidi ya 4, wakisema sauti yake haichanganyiki na yao. Ugomvi ulivunja uhusiano wao na Karajan. Meyer aliondoka mwaka 1984 na akawa mmoja wa wapiga klarineti wa peke yao wanaoheshimiwa zaidi duniani. Ninaamini alionewa, na kwamba uanamke wake ulihesabiwa. Lakini utaratibu wenyewe, wa wapigaji kumchagua atakayekaa kati yao, bado ndio unaotumika.

Mshahara ukoje?

Hutofautiana mno. Okestra chache kubwa za Marekani huanzia zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, na wa kiti cha kwanza huongezewa. Chini yao kuna mamia ya okestra ndogo zinazolipa kwa kila mazoezi na kila tamasha, na mpigaji huendesha gari kati ya miji mitatu ili mwezi utimie. London Symphony, inayomilikiwa na wapigaji wenyewe tangu 1904, hulipa wanachama wake kwa kazi waliyofanya, wakati okestra za BBC hulipa mshahara wa mwezi. Ujerumani ina okestra zaidi ya mia zinazolipwa na fedha za umma, na hapo ndipo mpigaji wa kawaida ana maisha yaliyotulia zaidi.

Nisipopata kiti, nitakula nini?

Wengi wa waliosoma hawapati kiti, na wengi wao wanaishi kwa muziki hata hivyo. Kufundisha ndiyo kazi kubwa zaidi. Ukumbi wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo hutafuta mtu mmoja anayepiga fluti, klarineti na saksafoni usiku mmoja. Bendi za kijeshi ni ajira ya kweli: ile ya wanamaji wa Marekani inayompigia rais ipo tangu 1798, na jeshi la Uingereza hupokea maombi ya raia wa Jumuiya ya Madola, Wakenya na Watanzania wakiwamo.

Kazi ninayoipigia debe zaidi ni ufundi wa kukarabati. Fundi anayejua kubadilisha pedi za kuzibia matundu, kunyoosha funguo na kuziba ufa wa mpingo ana wateja katika kila mji wenye bendi ya polisi, shule na kanisa. Katika Afrika Mashariki mafundi hao ni wachache, na klarineti nyingi zimelala makabatini kwa kukosa pedi tu.

Je, kuna weusi kwenye viti hivi?

Wapo, na ni wachache. Anthony McGill, mzaliwa wa Chicago, ni klarineti wa kwanza wa New York Philharmonic tangu 2014; katika okestra iliyoanzishwa 1842, yeye ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kushika kiti cha kwanza. Kaka yake, Demarre, ni mpiga fluti wa kwanza wa Seattle. Walianza katika mipango ya muziki ya watoto wa mji wao. London, Chi-chi Nwanoku alianzisha okestra ya Chineke! mwaka 2015 kwa wapigaji weusi na wa asili mbalimbali, na imewapa vijana nafasi ya kusikika kabla ya usaili mwingine.

Kazi hii ina madhara gani mwilini?

Kidole gumba cha kulia cha mpiga klarineti hubeba karibu gramu 800 saa zote. Tumia mkanda wa shingoni mapema, usisubiri maumivu. Mpiga obo ana shida ya pekee: pumzi inamzidi badala ya kumwishia, kwa kuwa tundu la ridi ni dogo mno, hivyo lazima atoe hewa iliyochakaa kabla ya kuvuta mpya. Basuni hukaa mbele ya tarumbeta, na masikio huumia. Sheria ya Ulaya inaweka kikomo cha desibeli 87 kwa wastani wa siku ya kazi, na vizibo maalumu vya masikio ni sehemu ya vifaa. Kidole kikianza kujikunja chenyewe bila maumivu, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu upesi. Kurudia mazoezi zaidi hukizidisha.

Ala inagharimu kiasi gani?

Klarineti ya plastiki ya kuanzia ni dola mia chache. Ya mpingo ya kitaaluma ni dola elfu kadhaa. Obo ya kitaaluma hukaribia dola 10,000 au kuzipita, na basuni nzuri huzidi dola 30,000, ndiyo maana vyuo huazimisha. Ukinunua ya mpingo ikiwa mpya, piga dakika kumi na tano hadi ishirini tu kwa siku kwa wiki za mwanzo, kausha ndani kila mara, usiiache kwenye gari juani. Ufa mmoja kwenye sehemu ya juu unaweza kukupotezea usaili.

Niko Afrika Mashariki. Nianzie wapi?

Nairobi ina njia nyingi zaidi: Kenya Conservatoire, iliyoanzishwa 1944, Nairobi Orchestra, okestra ya vijana ya taifa, na Ghetto Classics, ambayo tangu 2008 inafundisha watoto wa Korogocho. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki, kama vile Makerere Kampala na Makumira karibu na Arusha. Mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ngazi ya 1 hadi ya 8, hufanyika katika nchi za ukanda huu, na cheti cha ngazi ya 8 chenye alama za juu ni kipimo kinachoeleweka na vyuo vya nje. Kinshasa, okestra ya kanisa la Wakimbangu imeendelea tangu 1994 kwa jitihada za waumini wenyewe. Na kwa jamaa zetu wa Oman, Muscat ina okestra ya kifalme tangu 1985, iliyoanzishwa kwa kuwafundisha vijana wa Kiomani tangu mwanzo.

Ukiwa Tanzania na huna chochote kati ya hivyo, nenda kwenye bendi ya polisi au ya jeshi iliyo karibu nawe. Mtafute afande anayepiga klarineti, msalimie vizuri, umwombe akufundishe jinsi ya kukaza midomo na kushika ala. Wengi wao wamefunzwa vizuri kuliko wanavyodhaniwa, na hawaombwi. Omba pia akuonyeshe ridi anazotumia na namba yake ya ugumu. Anza na mbili au mbili na nusu, usianze na tatu. Baada ya miezi sita, utafute mwalimu wa pili kwa njia ya video akusikilize mara moja kwa mwezi, na umpelekee rekodi ya nota ndefu, skeli tatu na kipande kimoja kifupi, bila kukata wala kuunganisha.